Shajara ya mradi: kuunganisha seva zetu kwa funguo za SSH badala ya nywila

Jumatatu: mipaka ya kazi

Kazi iliyo mbele yetu ni kuondoa nywila katika mawasiliano yote ya SSH, yaani njia salama ya kuingia na kuendesha kompyuta ya mbali kupitia mtandao, kati ya seva tano zinazoendesha huduma zetu, yaani seva ya lango, ambayo ndiyo pekee inayofikika kutoka nje, seva mbili za wavuti, seva ya hifadhidata na seva inayotunza nakala rudufu. Mpaka sasa wasimamizi huingia kwa nywila, na skripti zinazofanya kazi usiku pasipo mtu nazo huingia kwa nywila hizo hizo, zikiwa zimeandikwa waziwazi ndani ya mafaili na kupitishwa kwa programu ya sshpass. Kuna mahitaji mawili yasiyofanana hapa: watu wanaoingia wakiwa mbele ya kibodi, na mashine zinazowasiliana na mashine nyingine. Nimeyatenganisha tangu mwanzo wa mpango, kwa sababu ufunguo mmoja unaotumikia yote mawili hatimaye huwa hauwezi kufutwa bila kusimamisha kitu ambacho hakuna aliyekikumbuka.

Katika kikao cha kupanga kazi liliulizwa swali la haki: ikiwa SSH husimba mawasiliano yote, nywila ina ubaya gani? SSH ilizaliwa mwaka 1995, Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Ufini alipoiandika baada ya mtandao wa chuo hicho kutegewa programu iliyokuwa ikinasa nywila zinazopita bila kusimbwa. Hatari ya njiani ilimalizika wakati huo. Hatari iliyobaki iko mwisho wa njia. Nywila ikishafika kwenye seva hufunguliwa na kusomwa na seva yenyewe ili ilinganishwe, na kama seva hiyo imeshaingiliwa, programu ya sshd, inayopokea SSH upande wa seva, ikichezewa inaweza kuihifadhi na kuitumia kwingine kokote ambako nywila hiyo inakubalika. Kwa upande wa ufunguo, ambao huwa jozi ya wa siri na wa umma, kompyuta inayoingia hutumia ule wa siri kutia saini ya kidijitali juu ya data ambayo ndani yake kuna kitambulisho cha kikao, na kitambulisho hicho hutokana na mabadilishano ya siri yaliyofanyika mwanzoni mwa muunganisho huo mmoja. Seva huihakiki saini kwa ufunguo wa umma iliokwisha kuwa nao, lakini haiwezi kuichukua saini hiyo na kuipeleka kwenye seva nyingine, kwa kuwa huko kitambulisho cha kikao kitakuwa tofauti. Ufunguo wa siri wenyewe hauondoki kwenye mashine ulikotengenezwa.

Kuhamisha SSH kutoka poti ya 22 hakumo katika kazi hii. Kufanya hivyo hupunguza kelele katika kumbukumbu za mfumo, lakini hakumzuii aliyedhamiria, na mjadala wake huwa mrefu kuliko faida yake.

Jumanne: ukaguzi wa kilichopo

Tumeanza kwa kuuliza kila seva toleo lake kwa amri ya `ssh -V`. Seva nne zina OpenSSH ya miaka ya karibuni. Seva ya hifadhidata inatumia mfumo wa zamani wa jamii ya Red Hat wenye OpenSSH 5.3, na hilo limebadilisha sehemu ya mpango. Funguo za aina ya Ed25519, ambazo tungependa ziwe ndizo za pekee, ziliingia katika OpenSSH 6.5 mwaka 2014, kwa hiyo seva hiyo haizijui kabisa. Huko itabidi tutumie RSA, aina ya funguo ya zamani zaidi.

RSA nayo ina kikwazo chake, na inafaa kukieleza kwa kituo kwa sababu wengi hukielewa visivyo. OpenSSH 8.8, iliyotoka mwaka 2021, iliacha kukubali saini za aina inayoitwa `ssh-rsa`, na habari iliyosambaa ni kwamba funguo za RSA zimepigwa marufuku. Sivyo. Kilichoachwa ni saini za RSA zinazotengenezwa kwa heshi (kanuni ya kukokotoa muhtasari wa data) ya SHA-1, ambayo haiaminiki tena. Ufunguo ule ule wa RSA unaweza kutia saini kwa SHA-256 au SHA-512 na ukakubalika bila shida, mradi pande zote mbili zinaelewa namna hiyo mpya. OpenSSH 5.3 haiielewi. Kwa hiyo kompyuta yoyote mpya inayoingia kwenye seva ya hifadhidata lazima iruhusiwe kwa makusudi kutumia namna ya zamani, na ruhusa hiyo tumeifungia kwenye jina la seva hiyo peke yake katika faili la `~/.ssh/config`:

```
Host hifadhidata
    HostKeyAlgorithms +ssh-rsa
    PubkeyAcceptedAlgorithms +ssh-rsa
```

Kuna pendekezo lililotolewa la kuweka mistari hiyo chini ya `Host *` ili kurahisisha mambo. Nimelikataa. Udhaifu wa seva moja hauna sababu ya kuwa udhaifu wa kila muunganisho.

Sehemu iliyochukua muda mwingi ni funguo zilizokwisha kuwapo. Seva zote zilikuwa na mafaili ya `authorized_keys`, yanayoorodhesha funguo za umma zinazoruhusiwa kuingia, yaliyojaa miaka na miaka, mengine yakiwa na mistari isiyo na maelezo yoyote mwishoni. Kufuta usichokijua ni hatari, na kuacha usichokijua ni hatari zaidi, kwa hiyo tumetafuta njia ya kujua zipi zinatumika. Amri ya `ssh-keygen -lf authorized_keys` hutoa alama ya kidole, yaani muhtasari mfupi wa kuutambulisha, ya kila ufunguo uliomo katika faili. Matoleo mapya ya sshd nayo huandika katika kumbukumbu za mfumo, kila mtu anapoingia, alama ya kidole ya ufunguo uliotumika, katika mstari unaoanza na `Accepted publickey for`. Ukizilinganisha orodha hizo mbili, funguo hujigawa zenyewe katika makundi mawili: zinazoonekana kwenye kumbukumbu na zisizoonekana.

Seva ya zamani haiandiki alama hizo kwa kawaida, hivyo tumeipandisha kiwango cha kumbukumbu kwa kuweka `LogLevel VERBOSE`, na tumezikuta alama zake zikiwa katika muundo wa MD5 badala ya SHA-256. Faili lake la `authorized_keys` tumelinakili kwenye mashine mpya na kulisoma kwa `ssh-keygen -l -E md5 -f`, jambo ambalo halina hatari kwa kuwa funguo za umma si siri. Miongoni mwa tulizozikuta kulikuwa na funguo za DSA, ambazo OpenSSH iliacha kuzikubali kwa chaguo-msingi tangu toleo la 7.0 la mwaka 2015. Hizo zimefutwa leo leo. Funguo nyingine zisizo na mwenyewe tumeziwekea alama ya `#` mwanzoni mwa mstari ili zisifanye kazi, bila kuzifuta, na tutaziacha hivyo mpaka skripti za mwisho wa mwezi ziwe zimepita.

Jumatano: seva nazo zijitambulishe

Watu wengi huanza na ufunguo wa anayeingia na kusahau kwamba uthibitisho una pande mbili. Seva nayo ina ufunguo wake, na kompyuta inayoingia huulinganisha na ule iliouhifadhi katika `known_hosts`. Lile swali linalojitokeza mara ya kwanza, likitaka uandike `yes`, ndilo swali zito kuliko yote katika SSH, na ndilo linalojibiwa bila kusomwa.

Hatukutaka kujibu `yes` kwa kubahatisha. Tumeingia kwenye kila seva kupitia konsoli, yaani bila kupita SSH, tukasoma alama ya kidole ya ufunguo wake moja kwa moja (kwenye hifadhidata, isiyo na Ed25519, faili ni `ssh_host_rsa_key.pub`):

```
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
```

Amri ya ssh-keyscan ingeweza kukusanya funguo hizo zote kwa haraka kupitia mtandao, na tumeitumia, lakini kwa kuandalia orodha tu. Peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu inauliza mtandao ule ule unaoutilia shaka. Mtu aliyekaa katikati angejibu kwa ufunguo wake na ssh-keyscan ingeupokea. Kilichotoka humo kimelinganishwa herufi kwa herufi na kilichosomwa kwenye konsoli.

Ulinganisho huo umezaa matunda mara moja. Seva mbili za wavuti zilikuwa na alama moja ya kidole. Si bahati: alama ya SHA-256 haifanani kati ya funguo mbili tofauti kwa bahati. Zote mbili zilitengenezwa kutokana na nakala-mama moja ya mashine pepe, na nakala hiyo ilikuwa imehifadhiwa ikiwa tayari na funguo za seva ndani yake. Maana yake ni kwamba aliyeingilia moja angeweza kujifanya ndiyo nyingine, na hakuna kompyuta yoyote ambayo ingetoa onyo. Tumefuta funguo hizo katika seva zote mbili na kutengeneza mpya:

```
rm /etc/ssh/ssh_host_*
ssh-keygen -A
systemctl restart sshd
```

Jina la huduma hutofautiana kidogo kati ya mifumo; katika jamii ya Debian huitwa `ssh`. Nakala-mama nayo imesafishwa, ili mashine yoyote itakayozaliwa kutoka kwake ijitengenezee funguo zake inapowaka mara ya kwanza.

Orodha iliyohakikiwa imewekwa katika `/etc/ssh/ssh_known_hosts` kwenye seva zote tano, mahali panaposomwa na kila akaunti ya mashine, na tumeweka `StrictHostKeyChecking yes` kwa akaunti zote za skripti. Skripti haiwezi kufikiri inapokutana na ufunguo usiotarajiwa, kwa hiyo ni afadhali ikatae na kupiga kelele.

Alhamisi: kutengeneza funguo

Kwa watu, kila msimamizi ametengeneza ufunguo wake kwenye kompyuta yake mwenyewe, na kutuma ufunguo wa umma peke yake:

```
ssh-keygen -t ed25519 -a 100 -C "jina, kompyuta ya kazini, mwaka"
```

Ufunguo wa umma wa Ed25519 una baiti 32 tu, ndiyo maana mstari wake ni mfupi kiasi cha kuenea kwenye ujumbe mmoja, tofauti na RSA ambayo hujaza mistari kadhaa. Kigezo cha `-a 100` huongeza mizunguko ya kukokotoa inayotumika kuilinda kaulisiri, yaani ile nywila ndefu inayofunga faili la ufunguo, ili aliyeiba faili achukue muda mrefu zaidi kwa kila kubahatisha. Kaulisiri ni lazima kwa kila mtu. Anayelalamika kuiandika mara nyingi anaelekezwa kwenye ssh-agent, ambayo huushika ufunguo uliofunguliwa katika kumbukumbu ya kompyuta mpaka atakapotoka. Sehemu ya maelezo baada ya `-C` haina uzito wowote wa kiusalama, lakini baada ya kazi ya Jumanne hakuna aliyehitaji kushawishiwa kuijaza.

Kwa ajili ya seva ya hifadhidata wasimamizi wameongeza ufunguo wa pili wa RSA wenye biti 3072, utakaokufa pamoja na seva hiyo.

Kwa mashine mambo ni tofauti. Ufunguo unaotumiwa na skripti ya usiku hauwezi kuwa na kaulisiri, au tuseme unaweza kuwa nayo, lakini kaulisiri hiyo itabidi iandikwe mahali fulani katika mashine ile ile, na hapo tutakuwa tumerudisha nywila kwa mlango wa nyuma. Tumekubali kwamba faili hilo liko wazi kwa yeyote atakayeishika akaunti hiyo, na ulinzi tumeuhamishia upande wa pili, kwenye seva inayopokea, kwa kubana kile ambacho ufunguo unaweza kufanya. Kanuni tuliyoiandika ni kwamba ufunguo wa mashine hutengenezwa ndani ya mashine itakayoutumia na haunakiliwi popote; kazi moja, ufunguo mmoja. Mwenzangu mmoja alipendekeza tutengeneze funguo zote mahali pamoja na kuzisambaza kwa zana ya usimamizi wa mipangilio. Inarahisisha, ni kweli, ila mahali hapo pamoja panakuwa na funguo zote za nyumba.

Ijumaa: kukataliwa kwa sababu zisizosemwa

Funguo za umma zimewekwa kwa ssh-copy-id palipowezekana. Seva mbili zimekataa, kila moja kwa sababu yake, na kwa anayeingia ujumbe ni ule ule mmoja: `Permission denied`. Ufupi huo ni wa makusudi, maana seva haipaswi kumweleza mgeni kwa nini imemkataa. Ukiongeza `-v` utaona kwamba ufunguo umetolewa na seva haikuupokea, basi. Jibu hupatikana upande wa seva, katika kumbukumbu zake, na hapo ndipo pa kuanzia kila mara.

Kwenye seva ya pili ya wavuti kumbukumbu zilisema hivi:

```
Authentication refused: bad ownership or modes for directory /home/usambazaji
```

Akaunti hiyo hupokea picha zilizopakiwa kwenye seva ya kwanza, na saraka yake ya nyumbani ilikuwa imefunguliwa ili kundi zima liweze kuandika ndani yake. sshd huikataa hali hiyo kwa kuongozwa na mpangilio wa `StrictModes`, na ina hoja: yeyote mwenye ruhusa ya kuandika katika saraka ya nyumbani anaweza kuibadilisha jina saraka ya `.ssh` na kuweka yake yenye ufunguo wake, hata kama `.ssh` yenyewe ina ruhusa za 700 na `authorized_keys` ina 600. Wanaoandika maelekezo hutaja ruhusa za saraka ya `.ssh` na kuisahau inayoizunguka. Kuna ushauri unaosambaa wa kuzima `StrictModes`, nao haufai. Tumeondoa ruhusa ya kundi kwenye saraka ya nyumbani kwa `chmod g-w` na kuwapa nafasi ya pamoja katika saraka nyingine ndogo.

Seva ya hifadhidata ilikuwa na jambo gumu zaidi. Ruhusa zote zilikuwa sawa, umiliki ulikuwa sawa, na bado ilikataa. Akaunti ya kutolea nakala ina makazi yake chini ya `/srv/nakala` badala ya `/home`, na SELinux, ulinzi wa Linux unaoongeza vizuizi juu ya ruhusa za kawaida na unaofanya kazi kwenye seva hiyo, huipa kila faili lebo kulingana na mahali lilipo. Mafaili ya chini ya `/srv` hayapewi lebo inayoiruhusu sshd kuyasoma kama funguo. Amri ya `ls -Z` ilionyesha lebo, na `ausearch -m avc` ilionyesha zuio lenyewe. Tiba ni kuiambia SELinux kwamba saraka hiyo ni ya SSH, kisha kuzipaka lebo upya:

```
semanage fcontext -a -t ssh_home_t "/srv/nakala/\.ssh(/.*)?"
restorecon -Rv /srv/nakala/.ssh
```

Kuitumia restorecon peke yake kungerudisha lebo ile ile isiyofaa, kwa sababu ndiyo ambayo kanuni za mfumo huilinganisha na mahali hapo.

Jumatatu ya pili: kubana kila ufunguo

Kabla ya kuandika mstari wowote tumejadili mwelekeo: je, seva za wavuti zisukume nakala zao kwenda seva ya nakala rudufu, au seva ya nakala rudufu izivute? Zamani zilisukuma. Kwa mpango huo, aliyeingilia seva ya wavuti, ambayo ndiyo inayokutana na watu wa nje, anashika ufunguo unaofungua ghala la nakala, na anaweza kufuta nakala pamoja na asili yake. Tumegeuza. Sasa seva ya nakala rudufu ndiyo inayoingia kwa wenzake, na hakuna ufunguo wowote unaoelekea kwake isipokuwa wa wasimamizi. Hasara ni kwamba seva hiyo moja inaweza kuingia kwenye tatu, na hasara hiyo tunaipunguza kwa kubana kinachowezekana huko iendako. Mstari uliomo katika `authorized_keys` za seva za wavuti ni huu:

```
restrict,from="10.20.0.15",command="/usr/bin/rrsync -ro /srv/wavuti" ssh-ed25519 AAAAC3... nakala-wavuti
```

Neno `restrict`, lililoanza na OpenSSH 7.2 mwaka 2016, huzima kwa pamoja terminali, upitishaji wa poti, upitishaji wa agent na mengineyo, pamoja na vitu vya aina hiyo vitakavyobuniwa baadaye. Ndiyo sababu nalipendelea kuliko kutaja kimoja kimoja. `from` hukubali anwani moja tu ya ndani. `command` hulazimisha rrsync, skripti ndogo inayokuja na rsync (programu ya kunakili mafaili kati ya mashine), ambayo kwa kigezo cha `-ro` huruhusu kusoma tu, na ndani ya saraka hiyo tu. Aliyeuiba ufunguo huu anaweza kusoma mafaili ya wavuti akiwa kwenye mashine yenye anwani hiyo. Hawezi kupata terminali.

OpenSSH 5.3 hailijui neno `restrict`, na ikikutana na chaguo isilolijua huukataa mstari mzima badala ya kulipuuza chaguo hilo. Kwa hifadhidata imebidi kuorodhesha:

```
no-pty,no-port-forwarding,no-agent-forwarding,no-X11-forwarding,from="10.20.0.15",command="/usr/local/bin/toa-nakala" ssh-rsa AAAAB3... nakala-hifadhidata
```

Skripti ya toa-nakala haisomi chochote kutoka kwa anayeita, wala haiangalii kigeugeu cha `SSH_ORIGINAL_COMMAND`. Inaendesha pg_dump, programu ya kutoa nakala ya hifadhidata, na kuyatoa matokeo moja kwa moja kwenye muunganisho. Hapa pana jambo dogo lililohitaji uangalifu. Skripti ya zamani ilipitisha matokeo ya pg_dump kwenye gzip, programu ya kubana data, na kwa ganda la kawaida (programu inayoendesha amri) hali ya kumalizika inayorudishwa ni ya amri ya mwisho, yaani gzip, hivyo pg_dump ingeweza kufa katikati na upande wa pili ukaambiwa kwamba kila kitu ni salama. Tunatumia `pg_dump -Fc`, ambayo hubana data yenyewe, na kwa kuwa ssh hurudisha hali ya kumalizika ya amri iliyoendeshwa mbali, seva ya nakala rudufu sasa inajua ukweli. Matokeo huandikwa kwanza kwenye faili la muda, na hupewa jina lake halisi pale tu hali hiyo inapokuwa sifuri.

Upande wa anayeita, kila muunganisho wa skripti umepewa `BatchMode yes`, ili usikwame ukisubiri jibu la mtu asiyekuwapo, na `IdentitiesOnly yes` pamoja na faili mahususi la ufunguo. Chaguo hili la pili limewasaidia hata wasimamizi: wale wenye funguo nyingi ndani ya ssh-agent walikuwa wakikataliwa kabla ya ufunguo sahihi kufikiwa, kwa sababu kila ufunguo unaotolewa huhesabiwa kama jaribio, na `MaxAuthTries` kwa chaguo-msingi huishia kwenye 6.

Jumanne: lango

Wasimamizi walizoea kuingia kwenye lango wakiwa wamewasha upitishaji wa ssh-agent, kisha kutoka hapo kwenda ndani. Tumeuzima. Muda wote muunganisho huo unapokuwa wazi, yeyote mwenye mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu, kwenye lango anaweza kuuagiza agent utie saini kwa niaba ya mwenye ufunguo na kuingia kokote anakokubalika. Badala yake kila mmoja ameweka `ProxyJump lango` katika mipangilio yake. Kwa njia hiyo lango hupitisha tu data iliyosimbwa, na uthibitisho hufanyika kati ya kompyuta ya msimamizi na seva ya ndani bila lango kuuona. Hatua hii haikuwa na matatizo.

Jumatano: kuzima nywila

Tumeanza na seva ya pili ya wavuti, huku muunganisho mmoja wa SSH ukiachwa wazi na konsoli ikiwa imefunguliwa pembeni. Msimamizi alibadilisha `PasswordAuthentication` kuwa `no` katika `/etc/ssh/sshd_config`, akaupakia upya mpangilio, na seva ikaendelea kuomba nywila. Amri ya `sshd -T`, inayochapisha mipangilio kama sshd inavyoielewa yenyewe, ilionyesha `yes`.

Maelezo yake ni haya. Katika sshd_config thamani inayosomwa kwanza ndiyo inayoshika, tofauti na mafaili mengi ya mipangilio ambayo ya mwisho ndiyo hushinda. Juu kabisa ya faili hilo kuna mstari wa `Include` unaoingiza mafaili ya saraka ya `sshd_config.d`, na humo lilikuwamo faili la `50-cloud-init.conf`, lililoachwa na zana ya kuandaa mashine pepe, likisema `PasswordAuthentication yes`. Mafaili hayo husomwa kwa mpangilio wa majina, kwa hiyo tumeweka letu litangulie, kwa jina la `10-funguo.conf`:

```
PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
PermitRootLogin no
AuthenticationMethods publickey
```

Mstari wa pili hausahauliki bila gharama. Ukiachwa kwenye `yes` huku PAM, mfumo wa Linux wa kuthibitisha watumiaji, ikitumika, mtu bado ataombwa nywila kwa njia nyingine ya uthibitisho, na atadhani mpangilio wa kwanza haukufanya kazi. Kwenye OpenSSH 5.3 jina lake ni `ChallengeResponseAuthentication`, na saraka ya nyongeza haipo, hivyo huko tumehariri faili kuu. `UsePAM` tumeiacha ikiwa imewashwa, kwa kuwa inashughulikia vikao na akaunti zilizokwisha muda.

Utaratibu kwa kila seva umekuwa `sshd -t` kuhakiki kwamba hakuna kosa la maandishi, kupakia upya, kusoma `sshd -T`, kisha kuingia kwa ufunguo kutoka dirisha jipya, na mwisho kujaribu kuingia kwa nywila kwa makusudi:

```
ssh -o PubkeyAuthentication=no -o PreferredAuthentications=password,keyboard-interactive wavuti2
```

Jibu tunalolitaka ni kukataliwa papo hapo bila kuombwa chochote, na seva zote tano sasa hujibu hivyo. Lango limekuwa la mwisho. Nywila zilizokuwa ndani ya skripti zimebadilishwa pia, maana kuzifuta kwenye mafaili hakuziondoi katika historia ya hazina ya msimbo, na akaunti hizo bado zinatumika kwa sudo na kwenye konsoli.

Ijumaa: yaliyobaki

Nakala za usiku zimepita kwa funguo mpya kwenye seva zote tatu, na moja ya hizo za hifadhidata tumeirejesha kwenye mashine ya majaribio na kuisoma.

Tumezungumzia vyeti vya SSH, ambavyo OpenSSH imekuwa navyo tangu toleo la 5.4 la mwaka 2010. Kwa vyeti, seva huamini mamlaka moja inayotia saini, na mtu hupewa cheti chenye tarehe ya kuisha, bila haja ya kugusa `authorized_keys` za kila seva. Kwa seva tano na wasimamizi wachache nimeshauri tusubiri: ufunguo wa mamlaka hiyo ungekuwa kitu kizito cha kutunza kuliko tatizo unalolitatua kwa sasa, na hifadhidata yetu, iliyo na toleo la 5.3, isingevielewa hata hivyo. Tutalirudia jambo hili seva ya hifadhidata itakapohamishwa.

Rejista ya funguo imeandikwa na kuwekwa pamoja na nyaraka za mfumo. Kila ufunguo una alama yake ya kidole, mwenyewe, mashine ulipo, seva unazofungua na sababu ya kuwapo. Msimamizi anapoondoka, rejista hiyo ndiyo itakayosema ni mistari ipi ya kufuta, na ulinganisho wa rejista na mafaili halisi umewekwa kuwa kazi ya kila mwezi, kwa skripti inayochapisha tofauti tu.

Mistari iliyowekewa `#` bado ipo. Skripti za mwisho wa mwezi zikipita bila kukwama, itafutwa kwenye seva zote kwa siku moja. Ombi la kuhamisha hifadhidata kwenye mfumo mpya limepelekwa kwa wanaopanga matengenezo, likiwa na orodha ya mambo matatu ya kuondoa siku hiyo: ruhusa za `+ssh-rsa` katika mipangilio ya kila msimamizi na ya seva ya nakala rudufu, funguo za RSA za biti 3072, na ule mstari mrefu wa vikwazo, utakaoandikwa upya kwa `restrict`.